Mahindi yangoje nyumbani, si getini



Natoa maoni yangu kuhusu jambo linalowasumbua wakulima wa Ufipa kila ufikapo msimu wa mauzo, yaani foleni ndefu kwenye vituo vya kununulia mahindi. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini naomba isikatwe, kwa sababu nimeweka hesabu ndani yake, na hesabu ikikatwa katikati haina faida kwa mtu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati na sasa ni mkulima katika uwanda huu wa juu wa Ufipa. Siandiki kwa nia ya kumshitaki mtu. Sitataja kituo chochote kwa jina, maana foleni ninazozisema huonekana kwa wanunuzi wa kila aina: vyombo vya umma, vyama vya ushirika na hata wafanyabiashara binafsi. Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Foleni si mvua wala nzige, kwamba imeshushwa na Mwenyezi Mungu na sisi kazi yetu ni kuvumilia. Foleni ina kanuni zake, inapimwa, inahesabiwa, na ikishahesabiwa inapunguzwa.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui ninazungumzia nini. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na tangu siku za Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Hapa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere tunavuna kuanzia Mei na Juni. Ifikapo Julai kila mtu ana magunia nyumbani, kila mtu ana deni la mbolea, na kila mtu ana mtoto anayedaiwa mahitaji ya shule. Kituo kikifunguliwa, wote tunatoka siku moja. Mikokoteni ya maksai, matela ya trekta na malori hujipanga kuanzia getini hadi mbali barabarani. Watu hulala chini ya turubai, na Julai ya Ufipa si ya kulala nje: baridi ya huku ni kali. Nimepata kulala kwenye foleni hizo, najua uzito wake.

Hasara yake si usingizi tu. Mwenye mkokoteni wa kukodi hulipa kila siku anayongoja. Mama aliyeacha watoto nyumbani hawezi kungoja siku ya nne. Ndipo hutokea mlanguzi anayepitapita kando ya foleni, ambaye hana shamba wala jembe, akasema, "Mama, mimi nakupa fedha taslimu sasa hivi." Bei yake ni ya kunyonya, lakini mama anakubali, kisha magunia yale yale huingia getini kwa jina la mlanguzi na kwa bei halali. Kwa hiyo foleni ndefu ni shamba la mlanguzi. Yeye halimi kingine zaidi ya kungoja kwetu.

Tena kuna hatari ya mvua. Mauzo yakisukumwa hadi Novemba, mahindi yaliyokauka vizuri hunyeshewa yakiwa foleni. Kiwango cha unyevu kinachokubalika katika nchi za Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Mahindi yakipita hapo hurudishwa, na yakihifadhiwa hivyo hivyo huota ukungu. Sote tunakumbuka mwaka 2016 jinsi sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo foleni inaweza kuharibu chakula ambacho mkulima alikihangaikia miezi sita.

Sasa nije kwenye hesabu. Mtu wa kwanza kuitazama foleni kwa macho ya hisabati alikuwa Agner Krarup Erlang, raia wa Denmark ambaye naye alipata kuwa mwalimu. Mwaka 1908 aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Siku zile simu ziliunganishwa kwa mkono, na wenye kampuni walitaka kujua waweke nyaya ngapi na wafanyakazi wangapi ili wateja wasingoje mno, nao wasitupe fedha bure. Mwaka 1909 Erlang alichapisha hesabu zake za kwanza, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambazo wahandisi wa simu wanazitumia hadi leo. Alichogundua ni kwamba ingawa hakuna ajuaye nani atapiga simu na saa ngapi, watu wengi wakichukuliwa kwa pamoja wana mwenendo unaohesabika. Sisi wakulima wa mahindi hatuna tofauti na wapiga simu wa Copenhagen.

Tuchukue kituo cha mfano, ambacho nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya hesabu. Kina mizani moja. Mzigo mmoja, tuseme mkokoteni mmoja, huchukua wastani wa dakika 12 kushushwa, kupimwa na kuondoka. Kwa saa moja mizani inamaliza mizigo 5, na kwa siku ya kazi ya saa 10 inamaliza mizigo 50. Wakulima wanafika bila mpango, kila mtu kwa wakati wake, na mizigo inatofautiana ukubwa.

Wakifika wakulima 40 kwa siku, hesabu ya Erlang inasema kila mmoja atakaa kituoni wastani wa saa 1 tangu kufika hadi kuondoka. Hilo si baya. Wakiongezeka wakawa 45, watakaa saa 2. Wameongezeka watano tu, lakini muda umekuwa mara mbili! Wakifika 49 kwa siku, na hali ikaendelea hivyo kwa muda mrefu, wastani utafikia saa 10 za kazi, yaani siku nzima. Msimamizi wa kituo atashangaa na kusema, "Uwezo wetu ni 50, wanaokuja ni 49, foleni inatoka wapi?"

Jibu ni hili. Mizani ikikaa bure asubuhi kwa sababu hakuna aliyefika, ile nusu saa imepotea. Haiwezi kuwekwa akiba kama mahindi kwenye kihenge ili itumike saa nane mchana watakapofika kumi kwa mpigo. Kadiri tunavyokaribia uwezo wa mwisho wa mizani, ndivyo tunavyokosa nafasi ya kufidia muda uliopotea, na foleni hupanda kama maji ya mto wakati wa masika. Kwa hiyo kituo kinachopangiwa kazi sawasawa na uwezo wake wote kimepangiwa foleni. Hili ndilo jambo ambalo wapangaji wengi hawalikubali kwa urahisi, kwa kuwa wanaona mizani iliyokaa bure kidogo ni uvivu. La hasha. Ile nafasi kidogo ndiyo dawa yenyewe.

Katika msimu wetu hali huwa mbaya kuliko hiyo, kwa sababu wanaofika huzidi uwezo. Tuseme wanafika 60 na mizani inamaliza 50. Kila siku wanabaki 10. Baada ya siku 30 za kazi kuna mizigo 300 nje ya geti, na mkulima anayefika siku hiyo atangoja siku 6. Sasa tuseme msongamano umepungua, wanafika 30 tu kwa siku. Je, foleni imekwisha? Bado. Mizani inapunguza 20 kwa siku, kwa hiyo zitapita siku 15 nyingine kabla ya kumaliza wale 300. Ndiyo maana utasikia wakubwa wakija kutazama na kusema, "Mbona watu wanaokuja sasa ni wachache, lakini foleni ipo pale pale?" Foleni hukumbuka makosa ya mwezi uliopita.

Kuna kanuni nyingine iliyo rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tano. Mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kwa hisabati, nayo inasema kwamba idadi ya waliomo kwenye foleni ni sawa na idadi ya wanaohudumiwa kwa siku mara siku anazokaa kila mmoja. Kwa hiyo ukihesabu mizigo iliyo nje asubuhi, ukagawa kwa idadi ya mizigo inayopimwa kwa siku, umepata siku za kungoja. Mizigo 300 kwa 50 ni siku 6. Haihitaji mtambo, haihitaji mtaalamu kutoka nje. Inahitaji karani, chaki na ubao.

Wengi husema dawa ni kuongeza mizani. Ni kweli, na faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika kituo chetu cha mfano, tukiweka mizani ya pili na wakaja wale wale 60, tena wakijipanga kwenye foleni moja na kila mizani ikiita anayefuata, mkulima atangoja wastani wa dakika 7 hivi kabla ya kupimwa. Dakika 7 badala ya siku 6! Lakini tukiwapanga foleni mbili, kila mizani na foleni yake, watangoja wastani wa dakika 18, ingawa mizani ni zile zile na watu ni wale wale. Sababu ni kwamba foleni ya kushoto inaweza kuisha huku ya kulia imekwama kwa mwenye magunia mengi. Foleni moja kwa mizani zote ni bora kwa hesabu na ni bora kwa haki, maana hakuna atakayelalamika kwamba aliyekuja nyuma yake alitangulia kwa bahati.

Hata hivyo, naomba wahusika waangalie sana wanaongeza nini. Mkulima hapiti kwenye mizani peke yake. Kwanza anapimwa unyevu na usafi wa mahindi, halafu mizani, halafu karani anaandika stakabadhi. Tuseme karani mmoja huchukua dakika 10 kwa kila mkulima. Kwa siku anamaliza 60. Tukinunua mizani ya pili na kumwacha karani peke yake, wakulima 60 watamfikia yeye, na yeye uwezo wake ni 60 bila nafasi hata kidogo. Tutakuwa tumehamisha foleni kutoka kwenye mizani hadi kwenye meza. Kibuyu chenye mdomo mwembamba hakijai upesi kwa kuongezewa tumbo.

Mfano wa hilo tumeuona wenyewe. Zamani tatizo la Rukwa lilikuwa barabara. Sasa lami inatoka Tunduma hadi Sumbawanga, na vihenge vya kisasa vimejengwa Sumbawanga katika mradi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) uliogharimiwa kwa mkopo kutoka Poland. Hayo ni maendeleo na tunayashukuru. Lakini barabara nzuri huleta mizigo upesi zaidi, na ghala kubwa halipimi gunia. Kama geti, mizani na meza ya karani, kwa mnunuzi yeyote yule, vimebaki kama vilivyokuwa, wepesi wa barabara utamfikisha mkulima kwenye foleni mapema zaidi.

Hata pale Tunduma penyewe pana somo. Malori yaendayo Zambia na Kongo yalikuwa yakisimama upande wetu kwa ukaguzi, kisha yakavuka na kusimama tena Nakonde kwa ukaguzi mwingine. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja ili lori likaguliwe mara moja. Huko ni kuondoa foleni moja kati ya mbili, na ni busara. Lakini baada ya hapo foleni za malori zimepata kuripotiwa tena, kwa sababu kuondoa mlango mmoja hakutoshi ikiwa mlango uliobaki unapokea zaidi ya uwezo wake. Anayepanga lazima afuate mzigo hatua kwa hatua na kuuliza: ni wapi penye wembamba leo?

Baada ya maelezo hayo, napendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kijiji kipewe siku zake za kupeleka mahindi, na kila siku ipangiwe mizigo pungufu ya uwezo. Kituo chenye uwezo wa 50 kipange 40. Najua wapo watakaosema tunachelewesha ununuzi. Nawaomba wapige hesabu. Ikiwa kuna mizigo 1,800 ya kununuliwa, kwa kupima 50 kila siku bila kukosa tutamaliza katika siku 36, na kwa kupanga 40 tutamaliza katika siku 45. Tumeongeza siku 9. Lakini katika siku hizo 45 mahindi yanangoja nyumbani kwenye kihenge, pakavu, mwenyewe akiendelea na kazi zake, badala ya kungoja barabarani na mwenyewe akiwa chini ya turubai. Kungoja kupo vyovyote vile. Tunachochagua ni mahali pa kungojea.

Watu watauliza tutawajulishaje wakulima. Tangu mwaka 2022 wakulima wameandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na namba zao za simu zimo katika daftari hilo. Mwaka ule ule tuliona misururu kwenye maduka ya mbolea, kwa hiyo somo la foleni si geni. Daftari lililotumika kugawa mbolea linaweza kutumika kumpelekea mkulima ujumbe kwamba kijiji chake ni Jumanne. Asiye na simu ataambiwa na mtendaji wa kijiji chake, kama tunavyotangaziwa mikutano.

Pili, ubao wa matangazo uwekwe getini na kila asubuhi uandikwe: mizigo iliyopo nje, mizigo iliyopimwa jana, na siku za kungoja. Takwimu hizo pia zipelekwe vijijini. Mtu akijua foleni ni siku 6 atabaki nyumbani, na foleni itapungua yenyewe. Watu hukimbilia foleni kwa sababu hawajui urefu wake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wanunuzi watangaze mapema kiasi watakachonunua na mgawo wa kila kijiji. Tusidanganyane. Mkulima haendi kulala getini kwa sababu anapenda baridi. Anakwenda kwa sababu anaogopa kwamba fedha zitakwisha au ununuzi utafungwa kabla hajafikiwa. Hofu hiyo ndiyo inayotoa watu 60 siku ambayo wangetoka 40. Mgawo ukitangazwa na kuheshimiwa, hofu itakwisha na msongamano utapungua. Ni lazima niseme ukweli hapa: hesabu za foleni haziwezi kuongeza fedha za kununulia. Kama mahindi ni mengi kuliko fedha, hakuna mizani itakayoziba pengo hilo. Lakini hata hapo ni bora mkulima aambiwe Julai akiwa nyumbani kuliko kugundua Oktoba akiwa barabarani.

Nne, mizigo midogo itengewe saa zake. Tuseme wamefika pamoja lori moja linalohitaji saa 2 na mikokoteni kumi ambayo kila mmoja unahitaji dakika 12. Lori likitangulia, kila mkokoteni umeongezewa saa 2 za kungoja, na kwa mikokoteni kumi hizo ni saa 20. Mikokoteni ikitangulia, lori linangoja saa 2 tu. Kazi ya mizani ni ile ile ya saa 4. Kwa hiyo asubuhi iwe ya mikokoteni na mchana iwe ya malori. Malori nayo yawe na saa zao za uhakika zisizoguswa, ili nayo yasionewe.

Tano, anayeruka foleni achukuliwe hatua, na anayemrukisha achukuliwe hatua kubwa zaidi. Watu husema, "Ni mmoja tu, ana haraka." Mzigo wa saa 2 ukiingizwa mbele ya watu 40, umewanyang'anya saa 2 kila mmoja, jumla saa 80. Hizo ni siku 8 za kazi walizoibiwa wanyonge kwa fadhila ya mtu mmoja. Mtu akiiba gunia moja tunamkamata. Akiiba siku 8 tunamwita mjanja.

Sita, wakulima wenzangu nao wana wajibu. Hisabati inaonyesha kwamba katika foleni kama ya mfano wangu, mizigo yote ikichukua muda ule ule, bila huyu kumaliza dakika 5 na yule dakika 30, muda wa kungoja kabla ya kupimwa hupungua kwa nusu hata bila kuongeza mizani. Kinachochelewesha ni magunia yaliyojaa chenga na mabunzi, yanayopepetwa pale pale getini, na mahindi mabichi yanayobishaniwa kwa nusu saa. Vyama vya msingi vinunue vipima unyevu na kukagua mahindi kijijini kabla mkokoteni haujafungwa maksai. Gunia lenye kasoro likataliwe kijijini, ambako kuna jua la kulianikia na wanawe mwenyewe wa kumsaidia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vitabuni, na kwamba Sumbawanga si Copenhagen. Nawajibu kwamba kila mama wa Ufipa aliyewahi kupanga ndoo bombani anaijua hesabu hii. Maji yakitoka kidogo kidogo, wanawake hukubaliana mtaa huu uteke asubuhi na ule jioni. Huacha ndoo zipangwe kwa zamu, na mwenye dumu moja humwomba mwenye mapipa amtangulize. Hawakusoma Erlang, lakini walilazimishwa na shida kufikiri. Ninachoomba ni kwamba wale wanaolipwa mshahara kwa ajili ya kupanga wafikiri angalau kama mama wa bombani.

Wapo pia watakaotuambia kwamba subira yavuta heri. Methali hiyo ni ya kweli, nami nimewafundisha watoto wengi kuiandika. Lakini subira haikaushi mahindi, hailipi mkokoteni wa kukodi, na haimfukuzi mlanguzi. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, tulipopanga foleni za sukari na sabuni kwa sababu bidhaa zenyewe hazikuwapo. Ile ilikuwa foleni ya ukosefu, na tuliielewa. Hii ya leo ni foleni ya neema: mahindi yapo, mnunuzi yupo, barabara ipo. Kinachokosekana ni karatasi ya mpango, na karatasi si bidhaa ya kuagizwa nje.

Napendekeza jaribio lifanyike msimu ujao katika kituo kimoja tu cha Ufipa. Karani apewe daftari na saa. Aandike kila mzigo umefika saa ngapi, umeanza kupimwa saa ngapi na umeondoka saa ngapi. Kwa majuma mawili kituo kiendeshwe kama kawaida, na kwa majuma mawili kiendeshwe kwa siku za vijiji na foleni moja. Kisha takwimu zisomwe hadharani mbele ya wakulima. Kama nimekosea hesabu, nitasahihishwa na wanafunzi wangu, ambao baadhi yao sasa ni wakubwa maofisini. Kama nimepatia, basi vituo vingine vifuate.

Mkulima wa Ufipa amefanya sehemu yake. Amelima, amepalilia, amevuna na amelisha watu wa mikoa ambayo hajawahi kuiona. Haombi msaada. Anaomba aambiwe siku yake, afike, apimwe kwa haki, alipwe, na arudi nyumbani kabla jua halijatua.

Naomba kutoa hoja.

Mwalimu Mstaafu,
Sumbawanga.